Sura ya Tano: Swali Linalotangulia kwa Fundi

Mtoto amefika miaka mitatu na hajaita "mama". Ukimwita jina lake hageuki, lakini mfuko wa karanga ukifunguliwa chumba cha pili anasikia na kuja mbio. Kutwa nzima anapanga vifuniko vya chupa katika mstari mmoja, na kimoja kikisogezwa analia mpaka sauti inakauka. Anakula ugali mtupu. Mboga ikiugusa, anauacha wote. Usiku halali. Katika kijiji cha Mitole, kata ya bara ya Wilaya ya Kilwa ambako maisha yanategemea ufuta, korosho, mihogo na mahindi, mtoto wa namna hii hatambuliwi na mama yake peke yake. Mtoto wa kijijini hulelewa uani, mbele ya macho ya majirani, na majirani wana macho.

Nao wanauliza: kapatwa na nini?

Sura hii inahusu swali hilo na mahali linapopelekwa. Hoja yangu ni kwamba aibu inayoizonga familia ya mtoto mwenye usonji, kama huyu, inakua kwa sababu swali hili humfikia kwanza aliye tayari kulijibu, na kwa sehemu kubwa ya pwani yetu ya kusini aliye tayari ni fundi, yaani mganga wa kienyeji. Zahanati ipo lakini mara nyingi haina la kusema. Shule ipo lakini haijui impokeeje. Tukitaka aibu ipungue, hatuna haja ya kuanza kwa kuwakemea watu imani zao. Tuanze kwa kulisogeza jibu jingine karibu na mlango wa mama.

Anayebeba lawama

Majibu ya kijijini ni mengi na yote yana mshitakiwa. Bibi atasema, "Mwanangu, huyu kachezewa. Watu si wema." Hapo anatafutwa mbaya, na mara nyingi hupatikana humo humo katika ukoo au ukutani kwa jirani. Mwingine atasema ni jini la ukoo ambalo halikutimiziwa haki yake. Mwingine atanong'ona kwamba baba kafungua duka mwaka ule ule mtoto alipoacha kusema, kwa hiyo akili ya mtoto imetolewa kafara. Na wapo watakaosema mtoto kabemendwa: wazazi walikutana kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa.

Hili la mwisho linauma kuliko yote, kwa sababu linaingia chumbani mwa mwanamke na kumhukumu hadharani kwa jambo asiloweza kulikanusha. Atamwonyesha nani ushahidi? Upande wa mume unamaliza kesi kwa maneno manne: "Kwetu hakuna kitu hiki." Kuanzia hapo ulemavu wa mtoto unahesabiwa kuwa wa mama. Wapo walioachwa kwa sababu hiyo, na wapo waliobaki katika ndoa wakiwa kama wageni.

Adhabu yake haitangazwi na mtu. Inaonekana katika shughuli. Pwani, mwanamke hujulikana kwa shughuli anazohudhuria: arusi, arobaini, maulidi, msiba. Mwenye mtoto anayepiga kelele spika zikifunguliwa, anayevua nguo mbele ya watu, anayenyakua chakula kwenye sinia la wageni, hukosa shughuli ya kwanza, kisha ya pili. Asiyehudhuria za wenzake naye hahudhuriwi. Baada ya muda hata upatu anauacha, maana vikao hawezi kwenda. Umaskini na upweke vinamfika kwa njia moja.

Wengine huishia kumfungia mtoto ndani. Ni rahisi kumlaani mzazi anayefanya hivyo, na kumfungia mtoto ni kosa. Lakini tusikilize kwanza anachokikimbia. Mtoto mwenye usonji anaweza kutoka nyumbani bila kuaga na kuelekea mtoni au barabarani, asijue hatari. Binti asiyeweza kusema aliyemdhuru ni nani huwa windo la wabaya. Mama anayekwenda shamba la ufuta alfajiri, asiye na wa kumwachia mtoto, anafunga mlango kwa woga kabla ya kuufunga kwa aibu. Atakayetaka mlango ule ufunguliwe na aje na jibu la swali hili: mtoto atabaki na nani?

Kwa nini fundi hutangulia

Fundi ana kitu ambacho mama huyu hajakipata kwingine: muda. Humkaribisha mkekani, humsikiliza kuanzia mimba hadi leo, huuliza ndoto, huuliza ugomvi wa ukoo, na jibu hulitoa siku hiyo hiyo. Mtoto hufukizwa ubani, huvishwa hirizi, hunyweshwa kombe. Gharama ni kuku, kisha mbuzi, kisha fedha za msimu mzima wa ufuta, na mtoto yuko vile vile. Hata hivyo kuna mtu aliyemsikiliza.

Linganisha na siku ya kliniki. Mtoto anapachikwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi, chanjo inachomwa, foleni inasogea. Mama akijikaza na kusema kwamba mwanawe hasemi, huambiwa kwa nia njema: "Atasema tu, watoto wa kiume huchelewa." Anarudi nyumbani. Mwaka unapita, na ule ulikuwa mwaka wa thamani kubwa, maana msaada huzaa matunda zaidi mtoto akiwa bado mdogo.

Akisisitiza, mbele yake ipo safari. Kwanza bodaboda hadi Nangurukuru, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, kisha Hospitali ya Rufaa ya Sokoine mjini Lindi, na huenda mwisho wake ukawa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake. Ni nauli, malazi, na siku za shamba zinazopotea, pamoja na mtoto asiyevumilia kelele za basi. Na barabara yenyewe ina misimu yake: mwaka 2024, mafuriko na Kimbunga Hidaya vilipoipiga pwani ya kusini, mawasiliano ya barabara kati ya Lindi na Dar es Salaam yalikatika eneo la Somanga. Fundi anafikika kwa miguu.

Kwa hiyo tusiseme watu wa pwani wameikataa hospitali. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Kilifi na Mombasa, kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya, kati ya wazazi na wataalamu wanaowahudumia watoto wenye usonji. Walipoulizwa chanzo, watu walitaja majini, uchawi na laana. Wakataja pia maradhi, matatizo wakati wa kujifungua na mambo ya kurithi. Walipoulizwa tiba, walitaja waganga, maombi na hospitali. Mzazi yule yule hubisha milango yote. Atabaki pale atakapofunguliwa.

Lawama ilitembea dunia nzima

Asidhani mtu kwamba kumlaumu mama ni ujinga wa Mitole. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliofanana kwa kujitenga, kwa lugha isiyo ya kawaida na kwa kushikilia mambo yasibadilike. Chapisho lake likawa msingi wa elimu ya usonji. Lakini lilitaja pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao hawakuwa na uchangamfu, na kutokana na neno hilo kikazuka kizazi kizima cha wataalamu walioamini kwamba usonji unasababishwa na mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto huko Chicago, aliieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Wanawake wasomi, wenye hospitali kubwa jirani na kwao, waliambiwa na watu wenye vyeo kwamba wamewaharibu watoto wao. Tofauti yao na mama wa Kilwa anayeambiwa amembemenda mwanawe ni mavazi ya mwenye kuhukumu.

Aliyeanza kulibomoa jengo hilo alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba chanzo ni cha kimwili na kwamba malezi hayahusiki.

Geuka mashariki. Vyombo vya Kichina vilivyochimbuliwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vinatukumbusha kwamba sisi na watu wa China tulijuana kwa biashara karne nyingi zilizopita. Katika aibu hii pia tuna undugu. Katika jamii nyingi za Kichina mtoto mwenye ulemavu aliweza kuonekana kama malipo ya makosa ya wazazi au mababu, na kumtoa nje ni kuuvunjia ukoo heshima. Daktari Tao Guotai wa Nanjing alieleza kwa mara ya kwanza nchini humo habari za watoto wanne wenye usonji mwaka 1982, miaka karibu 40 baada ya Kanner. Mwaka 1993 mama mmoja, Tian Huiping, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha Beijing kituo kiitwacho Xingxingyu, yaani Nyota na Mvua. Hakukijenga kiwe mahali pa kuwaficha watoto. Wazazi kutoka majimbo ya mbali walikuja na watoto wao, wakafundishwa namna ya kuwafundisha, kisha wakarudi kwao. Mwaka 2006 usonji ukaingizwa katika uchunguzi wa taifa wa ulemavu. Imani za kale hazikufutwa nchini China. Wazazi walipata la kufanya, na waliokuwa na la kufanya wakapata ujasiri wa kusema.

Yanayojulikana

Usonji ni namna ubongo unavyokua, na mara nyingi huanza kabla mtoto hajazaliwa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba humgusa takribani mtoto mmoja kati ya 100. Kata yenye watoto elfu moja inaweza kuwa nao kumi. Wavulana hutambuliwa mara nyingi zaidi kuliko wasichana.

Kwa sehemu kubwa ni jambo la kurithi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza mapacha nchini Uingereza, wakaona kwamba mmoja akiwa na usonji, pacha wake wa kufanana naye ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao kuliko pacha asiyefanana naye. Kurithi huku hakuna maana ya mama peke yake, wala hakuhitaji awepo babu aliyejulikana kuwa nao. Maneno "kwetu hakuna" hayana uzito hapa.

Folstein huyo huyo alishiriki katika utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2006. Watoto 20 walichunguzwa, na 14 wakakidhi vigezo vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri, kisha dalili zikaanza walipopona malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Ni watoto wachache, na kwa wengine saba malaria haikuonekana kuhusika. Lakini kwa mkoa wa Lindi, ulio miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, ni sababu moja zaidi ya kulala ndani ya chandarua na kumkimbiza mtoto zahanati.

Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na anayekuuzia moja, awe na hirizi au na koti jeupe, anakuibia. Yapo mafunzo. Mtoto hujifunza kuomba maji kwa kuonyesha picha au kwa ishara kabla ya kusema. Hujifunza kungoja zamu na kuoga mwenyewe. Wapo wanaosema baadaye na kusoma, na wapo watakaohitaji msaada maisha yao yote. Wote wanajua nani anawapenda, hata wasipomtazama usoni.

Degedege imetufundisha

Kama kuna mwenye shaka kwamba pwani inaweza kubadilika, na akumbuke degedege. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walikuta kwamba mtoto mwenye degedege mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mganga. Ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa shetani, na wengi waliamini kwamba sindano ingemuua mtoto. Kaburi likichimbwa, imani ilizidi kupata nguvu.

Leo wazazi wengi wanapoona mtoto anatetemeka kwa homa, hukimbilia zahanati. Kilichobadilika ni kwamba kipimo cha haraka na dawa mseto vilifika mpaka kwenye zahanati za vijijini, na vikafanya kazi. Jirani aliona mtoto aliyekwenda akarudi mzima. Tena waganga wenyewe wakawa sehemu ya dawa: mahali pengine walishirikishwa watambue dalili za malaria kali na kuwaharakisha watoto kwenye vituo vya afya. Hakuna aliyetakiwa kuapa kwamba majini hayapo. Walitakiwa wasimcheleweshe mtoto.

Usonji ni mgumu zaidi, kwani hauna kidonge kinacholeta nafuu ndani ya siku tatu. Lakini njia ni ile ile. Watu huacha jibu la zamani wanapoona jipya likiwasaidia, karibu na kwao, kwa mtu wanayemfahamu.

Jibu likae karibu

Lianze kliniki. Mtoto wa miezi 18 anapopimwa uzito, mama aulizwe maswali matatu: Anageuka ukimwita jina? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Majibu yakitia wasiwasi, yaandikwe, masikio ya mtoto yapimwe, na rufaa itolewe bila kungoja atimize miaka mitano. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayezijua nyumba zote, ndiye wa kufuatilia.

Kisha lifike kwa mama. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji, yaliyotungwa ili yaweze kuendeshwa na watu wasio madaktari bingwa, na Kenya na Ethiopia zimekwisha kuyafanyia kazi. Mlezi anafundishwa kucheza na mtoto, kugawa kazi ndogo katika hatua, kusoma kinachomkasirisha, na kujitunza mwenyewe. Hilo la mwisho ni la lazima, kwa kuwa mama aliyechoka hadi kukata tamaa hawezi kufundisha.

Shuleni tuna pa kujifunzia. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji, na Chuo cha Patandi mkoani Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Ada imekwisha kuondolewa, lakini kuondoa ada hakumsaidii mtoto ambaye darasa lake lina wanafunzi themanini na mwalimu mmoja. Wilaya yenye eneo kubwa kama Kilwa inahitaji vitengo vilivyotawanyika, ili mtoto wa Mitole asilazimike kuhamia Kilwa Masoko ndipo asome.

Madrasa ina nguvu ambayo hakuna semina inayoweza kuifikia. Kila anayehitimu Juzuu Amma amesoma Surat Abasa. Mapokeo mashuhuri yanasema iliteremka pale kipofu Abdallah ibn Ummi Maktum alipomjia Mtume (s.a.w.) kutaka kufundishwa, na Mtume, akiwa na wakuu wa Makuraishi, akakunja uso. Mwenyezi Mungu alimkumbusha mjumbe wake kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Kipofu huyo baadaye akawa mwadhini. Maalimu atakayeifundisha sura hiyo huku mtoto mwenye usonji amekaa pembeni mwa mkeka, akiruhusiwa kuinuka na kuzunguka anapohitaji, atakuwa ameifasiri mbele ya kijiji kizima.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ikikutana, ajenda ya kwanza iwe lile swali la alfajiri ya shamba: zamu za kumwangalia mtoto ili mama alime na mlango usifungwe kwa kufuli. Kijiji kinachoweza kupanga zamu za msiba kinaweza kupanga na hizi.

Na wazazi wakutane. Hilda Nkabe, mama wa mtoto mwenye usonji, alianzisha Lukiza Autism Foundation hapa nchini, na mbio za Run4Autism zimewatoa barabarani watu ambao awali hawakulijua hata jina la hali hii. Aprili 2, siku ya usonji duniani tangu 2008, huadhimishwa mijini. Lakini akina mama watatu wa kata moja wakikaa chini ya mwembe na watoto wao, hiyo ni hatua kubwa kuliko fulana za maadhimisho. Mmoja akisema "na wangu hufanya hivyo hivyo", lawama ya kubemenda inapoteza nguvu yake, maana haiwezekani wote wawe wamekosa kosa lile lile.

Fundi naye asisahauliwe. Atakayekuja na mafunzo Mitole amwalike kikaoni, kama waganga wengine walivyoshirikishwa kuhusu malaria. Akikubali mambo mawili tu, kwamba mtoto asichanjwe chale wala asifungwe kamba, na kwamba mama aambiwe aende pia zahanati, atakuwa ameokoa miaka ya mtoto.

Mengi kati ya haya yanahitaji fedha, walimu na muda. Maswali matatu ya kliniki hayahitaji. Hayangoji mashine, wala daktari bingwa kutoka Dar es Salaam, na yanaweza kuanza mwezi ujao kwa nesi aliyepo na kadi iliyopo. Akimaliza kuuliza, aongeze maneno ambayo mama huyu hajawahi kuambiwa na mtu yeyote mwenye madaraka: "Mama, hili halikutokana na kosa lako." Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, na kila aliye na sauti Mitole, awe nesi, maalimu, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au shangazi wa mume, anaweza kuyasema kuanzia leo.